Mrejesho: fungate yetu ya Ziwa Bunyonyi, Uganda
Niliuliza kama shilingi milioni 1.5 inatosha fungate, mimi nikitaka utulivu na mke wangu akitaka matembezi. Ndugu zangu, imetosha, asanteni sana! Gorila wa hifadhi ya Bwindi tuliwaacha, vibali vya kuwaona vingetumaliza. Tulipanda basi la usiku toka Kampala hadi Kabale, kisha bodaboda mpaka ziwani.

Chumba tulichukua cha kawaida, pesa tukaipeleka kwenye mtumbwi: siku nzima visiwani, ukungu bado umelala juu ya maji, mke wangu kashika kasia kwa mara ya kwanza. Bunyonyi hakuna mamba wala kiboko, basi aliogelea hadi midomo ikatetemeka.

Baridi ya kule si mchezo. Usiku tuliwekewa chupa ya maji ya moto chini ya blanketi. Bebeni masweta.