Bastola ndogo ya fataki yenye muhuri wa ELG: ni ya lini, na kutu niitoe vipi?

Zabibu_Hombolo:
Wakuu, salaam. Katika vitu vya mirathi huku Dodoma kuna bastola ndogo, urefu wote sm 16, mtutu wa mviringo kama sm 5. Haina mdeki (fimbo ya kushindilia baruti na risasi) wala mahali pa kuuchomeka. Paruanja (nyundo inayogonga fataki) iko juu katikati, si ubavuni kama ya gobori. Triga haionekani kabisa. Kitako ni cha mbao, kimejikunja kama kichwa cha bakora. Kwenye mtutu kuna muhuri wa umbo la yai wenye herufi ELG na nyota chini yake, na pembeni herufi ndogo D yenye taji juu. Mdomo wa mtutu umeshika kutu nyekundu. Wazee wanasema ni ya Mjerumani. Je, ni ya lini? Triga imekatika? Kutu niitoe na nini? Na sheria inasemaje nikitaka kuihifadhi?

FundiMtutu:
Kila chuma cha zamani Dodoma huitwa cha Mjerumani. Hiyo ni ya Mbelgiji. ELG si jina la fundi, ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya mitutu ya mji wa Liège. Mwaka 1893 muhuri huo uliongezewa taji juu ya umbo la yai. Wako hauna, kwa hiyo ni wa kabla ya hapo. Herufi yenye taji ni alama ya mkaguzi, iliyotumika 1853 hadi 1877, kisha taji likabadilishwa kuwa nyota. Basi bastola yako ilipita kwenye majaribio ndani ya miaka hiyo 24. Usitafute jina la aliyeitengeneza: Liège iliuza hizi kwa wingi sana, nyingi bila jina lolote.

Triga haijakatika, imejikunja ndani. Paruanja ikivutwa nyuma, triga hushuka yenyewe. Ilifanywa hivyo isinase kwenye mfuko wa koti. Isiposhuka, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda, si ubovu. Usilazimishe. Na usiiachie paruanja igonge kifa (chuchu ya chuma inayovishwa kikofia cha fataki) kikiwa kitupu, maana ncha ya kifa hupasuka au kubonyea, na kifa cha kipimo hicho ni kazi kukipata.

Mdeki haupo kwa sababu mtutu unafunguliwa kwa kuzungushwa. Baruti iliwekwa nyuma, risasi ikakaa juu yake, ndipo mtutu ukarudishwa. Chungulia mdomoni: ukiona mikato kama nyota, hapo ndipo ufunguo wake ulipoingia.

Fataki yenyewe, yaani kemikali inayolipuka ikigongwa na kuwasha baruti, ilitokana na kazi ya mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hataza mwaka 1807. Inasimuliwa kuwa alichoshwa na ndege walioshtuka kwa mwako wa gumegume (bunduki ya jiwe la cheche) wakaruka kabla risasi haijawafikia. Vikofia vya shaba vyenye fataki hiyo vikaenea miaka ya 1820. Smith & Wesson wa Marekani walipotoa bastola ya risasi za ganda la shaba lenye fataki ndani yake mwaka 1857, siku za fataki zikaanza kuhesabika, ingawa Liège iliendelea kuuza hizi za bei nafuu.

Jambo moja: muhuri unasema ilikojaribiwa, hausemi ilifikaje Dodoma. Misafara ya pwani iliyopita Mpwapwa na Ugogo ikilipa hongo (ushuru wa kupita) ilibeba zaidi bunduki ndefu. Usiandike "ya msafara" bila ushahidi.

Chuma_Chakavu:
Mkuu, loweka usiku mmoja kwenye soda nyeusi, asubuhi piga msasa. Itang'aa kama mpya.

FundiMtutu:
Itang'aa, na muhuri utaondoka. Ile soda ina asidi ya fosfori, haichagui kutu na chuma. Msasa nao hulainisha kingo za herufi, na herufi ndizo zilizotuambia umri. Mnunuzi anayejua akiona chuma cheupe kilichosuguliwa anarudisha mkono mfukoni.

Kabla ya chochote, hakikisha haina kitu ndani. Elekeza mdomo pasipo na mtu, chukua kijiti chembamba cha mbao, kiingize taratibu mpaka kigote, weka alama usawa wa mdomo. Kitoe, kilaze nje ya mtutu. Kama ncha haifiki usawa wa kifa, kuna kitu: pengine udongo wa nyigu, pengine risasi na baruti. Baruti nyeusi haichachi kama unga. Ikikaa pakavu miaka mia bado inawaka. Angalia pia kama kuna kofia ya shaba juu ya kifa. Ikiwepo usiichokonoe kwa kisu.

Ikiwa tupu, paka mafuta ya cherehani kwenye kutu, acha saa 24 hadi 48, kisha kwangua kwa ukingo wa kipande cha shaba kilicho laini kuliko chuma. Futa kwa pamba, rudia. Lengo ni kutoa kutu nyekundu inayomeguka. Ile rangi ya kahawia iliyoshikana na chuma iache, ndiyo ngozi yake. Mtutu ukigoma kufunguka, usilete spana ya bomba.

Skurubu usiziguse kama bisibisi haijai mfereji wake. Mifereji ya zamani ni myembamba, bisibisi ya dukani inailarua.

Malizia na nta ya kuhifadhia chuma isiyo na asidi. Nta ya nyuki ya Manyoni ni nzuri kwa mbao, ila kwenye chuma ina asidi kidogo. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi, wala darini chini ya bati: kiangazi cha Dodoma hukausha mbao mpaka zinapasuka.

Kolo_Irangi:
Sheria zinazokuhusu ni mbili. Kwanza, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Usijiamulie kwamba uzee umeiondoa kwenye silaha. Nenda kituoni mikono mitupu na picha zake, wakuelekeze iletwe vipi. Usiipakie kwenye daladala. Pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa masalia ya kale, na miaka ya bastola yako, 1853 hadi 1877, inakaa pande zote mbili za mwaka huo. Ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo, Kondoa, wanaweza kuiangalia. Kuivusha mpaka bila kibali usijaribu.

Zabibu_Hombolo:
Asanteni. Nimepima: kijiti kimeishia sm 1.5 kabla ya kifa. Kofia haipo juu. Nimwagie mafuta ndani baruti ife?

FundiMtutu:
Hapana. Mafuta hayaaminiki, sehemu inaweza kubaki kavu, na wewe utaamini imekufa. Usikwangue, usiizungushe, usivute paruanja. Iweke ndani ya ndoo ya mchanga mdomo ukiwa chini, funga chumba, watoto wasiingie, na uende polisi leo useme wazi kwamba huenda imeshindiliwa. Kutu itasubiri.