Wakuu nataka kuunda modeli ya manowari Königsberg, naombeni ushauri

mzee_wa_alminiamu:
Habari zenu wakuu, niko Tandika hapa Dar, kazi yangu madirisha ila nikitoka kazini napenda sana kuchongachonga. Sasa nataka kuunda ile meli ya Mjerumani, Königsberg, iliyokuwa bandarini kwetu 1914, ikaenda kuizamisha Pegasus ya Mwingereza pale Unguja tarehe 20 Septemba halafu ikajichimbia delta ya Rufiji mpaka ikamalizwa Julai 1915. Sitaki toi la kuweka juu ya tivii, nataka mizinga, boti za pembeni, reling, kila kitu. Vipimo ninavyo, urefu mita 115.3 upana 13.2. Nipeni mwanga: skeli gani (niipunguze mara ngapi), mbao gani, na bodi nichonge gogo zima au niunge? Kit (vipande tayari vya kuunganisha) za kuagiza hapana, ushuru wake mnaujua.

Tezi_na_Omo:
Mkuu ukienda 1/100 hiyo ni mita moja na sentimita 15, chumba cha kupanga utalala wewe au meli? 😂 Piga 1/200, unapata kama sentimita 57 na nusu kwa 6.6, inakaa mezani na bado reling inaonekana.

FundiKeko:
Achana na mninga, mgumu na mzito bure. Chukua paini, mabaki huku Keko ukiongea na mafundi vizuri wanakupa bei ya soda. Gogo zima usichonge maana likipata ufa umeumia. Kata mbao nyembamba kwa umbo la meli kila kimo, bandika moja juu ya nyingine na gundi ya mbao, kaza na jiriwa mpaka kesho yake, ndo unaanza randa na msasa. MDF, zile bodi za unga wa mbao, usiiguse kwa hili joto na unyevu wa Dar, inavimba pembeni. Na sanding sila, ile rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao, paka pande zote hata chini pasipoonekana, ukipaka juu tu mbao inapinda.

binti_baharia:
Sikatai ila kwa anayetaka ditel mimi ningeenda na mkuku (uti wa mgongo wa meli) na mataruma (mbavu zake) halafu navisha vipande vyembamba kama mafundi majahazi. Kazi ndefu kweli, lakini omo, yani mbele ya hii meli, ina pembe inayotoka mbele chini ya maji, kwenye mbao za kubandika ile pembe itakutesa.

FundiKeko:
Dada majahazi hayana ile pembe, na huyu ni mara yake ya kwanza. Pembe unaiunga baadae kwa fila (ile pasta ya kuziba mashimo), unasaga, yameisha.

Tezi_na_Omo:
Au meli unaikata usawa wa maji, ya chini huitengenezi, pembe haionekani, ugomvi umeisha 😂

kutoka_kigoma:
Mizinga ni 10 usikosee: miwili sambamba mbele, miwili nyuma, mitatu kila ubavu. Bomba la mzinga ni kama mita 4.2, kwa 1/200 ni sentimita 2.1. Nunua sindano mpya duka la dawa, zile za kijani, nje ni milimita 0.8, kata ncha saga, tundu tayari liko katikati yani kama limetengenezewa hii kazi. Ukifika Mombasa pita Fort Jesus, mzinga wake wenyewe upo pale, piga picha kila upande. Huku kwetu mzinga wake mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen, meli ya Mjerumani ya Ziwa Tanganyika, ndo Liemba hii. Na bomba za moshi ziwe tatu, wazee waliiita manowari ya bomba tatu, ukiweka mbili watu watakucheka.

mzee_wa_alminiamu:
Nawashukuru sana wakuu, naenda 1/200 na mbao za kubandika, dada binti_baharia mataruma nitajaribu kwa meli ya pili. Reling nina waya wa shaba wa mota mbovu. Swali la mwisho, kamba za milingoti? Uzi wa cherehani unatoa manyoya balaa.

binti_baharia:
Upitishe kwenye mshumaa mara mbili tatu, manyoya yanalala. Mshipi wa kuvulia nao unafaa, chukua ule mwembamba kabisa pale Feri, ila supagluu haishiki vizuri kwenye nailoni, piga fundo kwanza ndo udondoshe gundi.