Kuku wangu nimewazungushia wavu. Sasa nipange nini ndani ya uga wao?

Mfugaji wa Kihonda

Ndugu wafugaji, salamu. Ninafuga kuku 22 nyumbani kwangu Morogoro, yaani mitetea 19 ya kienyeji na chotara pamoja na majogoo 3. Kwa muda mrefu walikuwa wakijitafutia mtaani, lakini majirani wamepanda mchicha na matembele, nami sikuona haki kuwaacha kuku wangu wakichakura jasho la watu, kwa hiyo nimezungushia wavu eneo la mita 6 kwa 9 lililoungana na banda. Ndani ya wiki tatu majani yote yamekwisha. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hawalitumii eneo lenyewe: mchana kutwa wanajibanza kwenye ukuta wa banda, katikati hawaendi, na baadhi wameanza kudonoana manyoya ya mkiani hadi damu inatoka. Nimewaongezea pumba nikidhani ni njaa, lakini hali haijabadilika. Je, eneo ni dogo mno, au mpangilio ndio wenye kasoro? Ningependa kulirekebisha kabla ya masika.

Mama Vifaranga, Tanga

Ndugu yangu, umegawa karibu mita 2.5 za mraba kwa kila kuku, na hilo si eneo baya. Halitoshi kuacha nyasi ziendelee kuota, maana kuku 22 watamaliza kila jani wanaloliona, lakini linatosha kabisa kwa kuku kuishi vizuri ikiwa kuna jambo la kufanya ndani yake. Kasoro ni uwazi. Asili ya kuku ni ndege wa msituni huko Asia ya Kusini-Mashariki, anayechakura chini ya vichaka huku jicho moja likitazama juu, na ingawa amekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, hofu ya mwewe haijamtoka. Ukimpa uwanja mweupe atabaki ukutani, kwa sababu ukuta ndio maficho pekee aliyoyaona.

Mimi nilianza kwa kuweka maficho katikati, si pembeni. Nilichimbia nguzo fupi nne, nikaezeka makuti kwa kimo cha kiuno changu, na siku hiyo hiyo kuku walihamia chini yake. Baadaye nilipanda migomba miwili mahali maji ya kuoshea vyombo yanapopita, nikaizungushia mawe shinani ili wasifukue mizizi. Usiweke vivuli vyote upande mmoja, kwani jua linahama, na mtetea mnyonge anahitaji mahali pa kukimbilia ambapo mbabe wake hamwoni. Magogo mawili matatu ya kurukia, yenye vimo tofauti, nayo hupunguza ugomvi kuliko watu wanavyodhani.

Halafu wape mahali pa kuogea vumbi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 chini ya paa lisilovuja, ujaze mchanga, udongo mkavu na majivu ya kuni yaliyopoa. Majivu ya takataka zenye plastiki usiyaguse. Kuku anayejigaragaza kila siku anapunguza utitiri na viroboto kwa juhudi zake mwenyewe, na ukimtazama wakati huo utaona ni ndege aliyetulia.

Mkulima wa Kilifi

Naunga mkono maficho, ila kabla ya kupanda chochote ningegawa uga huo mara mbili, kila upande ukiwa na mlango wake kutoka bandani. Kuku wakiwa upande mmoja kwa wiki kadhaa, upande wa pili unapumzika, unapigwa na jua na unaota. Ni kweli kwamba mayai ya minyoo huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi, kwa hiyo mapumziko hayo si dawa, lakini yanapunguza mrundikano wa kinyesi mahali pamoja.

Kwa upande wanaoutumia, usihangaike na nyasi. Mwaga majani makavu, maranda na makapi ya mpunga mpaka yafikie sentimita 10 au 15, kisha kila asubuhi rusha konzi mbili za mtama humo ndani. Kazi ya kuchakura iliyokuwa mtaani inarudi nyumbani, na mdomo unaotafuta punje haupati nafasi ya kung'oa manyoya ya mwenzake. Matandazo hayo yakikaa miezi sita yanakuwa mbolea nzuri, nayo unaweza kuwapelekea majirani wako wa mchicha.

Ukitaka majani mabichi yadumu, tengeneza fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 15, uifunike kwa wavu mgumu na upande mchicha au sukuma wiki chini yake. Kuku wanakula ncha zinazochomoza, mizizi inabaki salama.

Mfugaji wa Kihonda

Nawashukuru sana. Kumbe nilikuwa nahesabu mita peke yake. Kugawa mara mbili kutawaachia mita 27 tu kwa wakati mmoja. Je, hawatazidi kudonoana? Na hao majogoo watatu niwafanyeje?

Afisa Ugani Mstaafu

Mwanangu, swali lako la kugawa lina uzito. Kuku wanaodonoana hadi damu usiwabane leo. Kwanza weka maficho, vumbi na matandazo katika eneo zima, uwaache watulie, ndipo ugawe. Majogoo punguza, mitetea 19 inahitaji wawili, na katika eneo dogo hata hao wawili wasipoelewana, baki na mmoja. Weka vyombo vya chakula na maji katika sehemu mbili zilizo mbali.

Nataka nikae kidogo kwenye pumba, maana hapo ndipo kosa lilipojificha. Mtaani kuku wako walikuwa wakila mchwa, panzi na minyoo, yaani protini, na ulipowafungia uliwanyang'anya nyama hiyo ukawapa shibe tupu. Manyoya yenyewe ni protini, na upungufu wake ni sababu mojawapo kubwa ya kudonoana. Changanya mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa kwenye pumba hiyo, au ununue chakula kamili cha kuku wa mayai, na uning'inize mafungu ya majani ya mlonge kwa kimo cha kichwa chao. Aliyejeruhiwa mtenge leo hii na umpake dawa ya zambarau, kwa sababu wekundu wa damu unawaita wengine. Maganda mabichi ya muhogo na majani ya mparachichi yasiingie humo, yana sumu.

Kuhusu masika, matope ndiyo rafiki wa kuhara damu, kwa kuwa vijidudu vyake hukomaa kwenye unyevu na joto. Chimba mfereji upande wa juu wa mteremko, na maji ya bati la banda yakingwe yasimwagike ugani. Wavu wa matundu makubwa unamzuia kuku kutoka lakini haumzuii panya wala nyoka kuingia, kwa hiyo sehemu ya chini, kiasi cha nusu mita, ongeza wavu wa matundu madogo na uuzike sentimita 30 ardhini, maana nguchiro na kicheche huchimba. Wala wavu hauzuii kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi. Chanjo ya matone ya jicho, ile ya I-2, irudie kila baada ya miezi 3.

Mfugaji wa Kihonda

Mtetea aliyejeruhiwa nimemtenga tayari, Mzee wangu. Kesho nafuata makuti na mashudu, na jogoo mmoja ndugu yangu wa Mikese amekubali kumchukua. Uzio wa kugawa nitausimamisha mwezi ujao, mkia wa yule mtetea ukishaota.