Naomba ushauri: bomba la kopa limevimba, nati haipiti

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi friji, nipo Ujiji, Kigoma. Ninatengeneza chumba cha baridi cha samaki aina ya migebuka pale Kibirizi, na mwenye mali anapata hasara kila siku, inaniuma.

Bomba la robo inchi (6.35 mm) limevimba karibu na mdomo, kalipa (kifaa cha kupimia unene) inasoma 6.7 mm, ndiyo maana nati ya kufungia haipiti. Gesi imeshatoka. Nimelibana kwenye kibanio cha kutanulia midomo, likarudi kidogo ila limekuwa gumu na lina alama. Kukata sipendi, kilichobaki ukutani ni kifupi mno.

Nikilipasha likawa jekundu hafifu ili lilainike, kisha nilibane tena, mdomo mpya utahimili presha bila kupasuka? Na bila naitrojeni (gesi ya kupitisha ndani ya bomba wakati wa kulipasha), masizi ya ndani nitayazuiaje?