Kompyuta 14 za ofisi zinauzwa Ijumaa: nifomati, nifute kwa programu au nitoboe diski?

Mhasibu_Mchovu: Wakuu, habari za jioni. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, bosi kaamua tubadilishe mashine zote. Mnunuzi wa Kariakoo anakuja Ijumaa. Ndani kuna mishahara, TIN za wateja, nakala za vitambulisho. Nifanye lipi kati ya hayo matatu? Nawasilisha.

Fundi_Buza: HDD (diski ya sahani zinazozunguka) au SSD (ya chipu)? BitLocker, ile ya Windows ya kufunga data kwa ufunguo wa siri, iliwashwa? Umeleta mgonjwa bila kusema anaumwa wapi.

Mzee wa Nyundo: Toboa zote. Programu inataka umeme, nyundo haitaki.

BintiPangani: Kufomati msahau. Mwaka juzi nilinunua mashine ya mtumba kwa ajili ya steshenari yangu, imepigwa Windows mpya, safi kabisa. Mwanangu akafuta picha za harusi ya mteja, nikaendesha Recuva kuzirudisha. Picha zikaja, zikafuatana na vitu visivyo vyangu: barua za kuachisha kazi, kisha orodha ya wagonjwa wa zahanati moja pamoja na majibu ya vipimo. Jina la tatu ni la jirani yangu. Nikazima mashine. Mpaka leo tukikutana sokoni nainamia nyanya.

Wakili_Kijiweni: Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Atakayeulizwa ni ofisi yako, siyo mnunuzi. Morgan Stanley, benki ya Marekani, waliwapa kampuni ya kuhamisha mizigo kazi ya kuondoa mashine zao, diski zikaishia kwenye mnada wa mtandaoni. Mwaka 2022 wakakubali faini ya dola milioni 35.

Mzee wa Nyundo: Marekani hiyo. Hapa nani anafuatilia?

Wakili_Kijiweni: Mzee, subiri wafuatilie kwako.

Mhasibu_Mchovu: Nadhani HDD ni 9, SSD 5. BitLocker sijui, aliyezifunga alishaacha kazi.

Fundi_Buza: HDD tumia DBAN, programu ya kufuta diski nzima. Kuandika juu mara moja kunatosha, hadithi za mara saba ni za zamani. Anza leo, GB 500 zinakula kama saa mbili, na umeme ukikatika unaanza upya. SSD usiipeleke DBAN, ina sehemu za akiba ambazo programu haizifikii. Tumia programu ya mtengenezaji wa diski, yenye amri ya kufuta kila kitu.

Mzee wa Nyundo: Au toboa.

Fundi_Buza: SSD ukikosa chipu moja umetoboa plastiki tu.

BintiPangani: Mimi ningeng'oa zote nikauza bila diski. Bei itashuka, usingizi utakuja. Na mashine ya fotokopi je? Zile kubwa nyingi zina diski ndani, inabaki na nyaraka mlizopitisha.

Mhasibu_Mchovu: Fotokopi ilichukuliwa Jumanne.

Fundi_Buza: Duh.

KijanaWaRAM: Mkuu, hizo 14 zina RAM ya ngapi? Njoo PM kabla ya Ijumaa.