Mada: Tahadhari ya sakitu (umande unaoganda na kuunguza mimea) itolewe kwa fomula, au tusubiri kifaa?

MLETA MADA
Wakuu, Juni imeingia na viazi mviringo vya Makete vinalala nje. Je, bwana shamba mwenye kipimajoto na kipimaunyevu tu atoe tahadhari kwa kukokotoa, au asubiri pirijiomita, kile kifaa kinachopima joto linaloshuka kutoka angani? Bei yake uza ng'ombe, na bado utaongeza.

Mimi nasema akokotoe, ila si kwa fomula yoyote. Usiku usio na wingu ardhi inapoteza joto kwenda juu, anga linarudisha sehemu yake. Hewa ikiwa kavu, kinachorudi kinapungua. Mtaalamu wa hali ya hewa Brunt, mwaka 1932, aliweka hivi: chukua kipeuo cha pili cha mgandamizo wa mvuke kwa milibari, zidisha kwa 0.065, jumlisha 0.52; jibu ndiyo sehemu inayorudi ya joto ambalo ardhi yenye nyuzi sawa na hewa ingetoa. Mwenzake Swinbank, 1963, akauacha mvuke kabisa: joto la hewa kwa Kelvin, kipeo cha sita, mara namba moja isiyobadilika, basi. Rahisi mno, na wengi wanaipendea hapo.

Tujaribu. Saa nne usiku, hewa nyuzi 5, mvuke milibari 6. Swinbank anatoa wati 245 kwa mita ya mraba, Brunt 230, na Brutsaert (1975), ambaye naye anahesabu mvuke, 243. Sasa mvuke ushuke hadi 3. Brunt anakuja 214, Brutsaert 220. Swinbank? Yuko palepale, 245. Ardhi yenye nyuzi hizohizo inatoa kama 339, kwa hiyo yeye anaona hasara ya wati 94, Brunt anaona 125. Usiku mkavu ndio unaochoma viazi, na huyu bwana ukavu haumhusu!

MCHANGIAJI
Hesabu sina ugomvi nayo. Ila hizo 0.52 na 0.065 zilitokana na vipimo vya Benson, Uingereza, nchi ya chini. Kitulo, huku kwetu Makete, ni zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari. Hewa iliyo juu yetu ni nyembamba, kwa hiyo hata Brunt wako huenda anatuhesabia joto ambalo hatupati. Halafu shamba langu liko bondeni, hewa baridi inapotuama. Mwaka juzi viazi vya jirani, pale mteremkoni, vilipona. Vyangu asubuhi majani meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Anga letu ni moja. Fomula gani ilijua hilo?

MLETA MADA
Kwenye bonde umenishika. Hilo ni la kipimajoto kilichochomekwa shambani kwako, si la anga. Kwenye namba, nakubali pia: tuazime kifaa kimoja misimu miwili, tupate namba zetu, kirudi kwa wenyewe. Kabla ya hapo nabaki na Brunt. Kati ya hao watatu, yeye ndiye anayetangaza hatari mapema.

MCHANGIAJI
Na majani ya kufunikia utaleta wewe? Msimu uliopita tulifunika mara tatu, sakitu ikaja mara moja. Mara ya tatu nilikuwa peke yangu shambani.