Msaada: bosi kasema sentensi yangu ni "ambiguous", ana maana gani hasa?

kalamu_risasi
Wakuu habari zenu, naombeni msaada nimekwama. Juzi niliandika maelekezo ya kazi kwa wenzangu kwa kiingereza, sentensi moja tu, "Call the customers with the new phones". Bosi akairudisha na neno moja, "ambiguous". Nikafungua kamusi nikakuta "isiyoeleweka, yenye utata", nikajua basi kiingereza changu kibovu, nikaiandika upya kwa maneno mazito, "Kindly contact the customers with the newly acquired phones", ikarudi tena "still ambiguous". Sasa kisichoeleweka ni kipi na kila neno liko wazi? Imeniuma kwa kweli. Nimjibuje?

bintisarufi
Pole sana mkuu, ila hajasema kiingereza chako kibovu. Kitu ambiguous kinaeleweka, tatizo kinaeleweka kwa namna mbili au zaidi na msomaji hajui achukue ipi. Hebu jiulize hizo simu mpya ziko kwa nani, ni nyinyi mnazitumia kupiga au ni wateja waliozinunua? Tatizo liko kwenye "with". Kiswahili tungesema "wapigieni wateja KWA simu mpya" au "wapigieni wateja WENYE simu mpya", maneno mawili tofauti kabisa, kiingereza kimeyabeba yote kwa "with" moja, na wewe kichwani ulikuwa na moja tu ndo maana hukuiona ya pili. Kubadili "call" ukaweka "contact" hakusaidii maana "with" bado ipo palepale.

msomaji_kimya
Nimejifunza kitu hapa. Kwa hiyo ambiguous na vague ni sawasawa?

bintisarufi
Hapana, na watu wengi wanazichanganya. Mtu akikwambia "nitakuja baadaye" hiyo ni vague, maana ni moja ila haina mipaka, hujui ni baada ya dakika tano au kesho. Ambiguous ni kama ile ya darasani "Juma alimpigia Ali mpira", alimpigia aupokee, au aliupiga kwa niaba yake? Vague unaitibu kwa kuongeza taarifa, ambiguous unaitibu kwa kuchagua maana moja na kuifunga nyingine.

Babu_Ngeli
Niongezee hapo kwa dada. Kiswahili nacho kina mitego hii japo ngeli zinatuokoa sana. Ukisema "gari la mwalimu lililofika jana" hakuna ubishi, kilichofika ni gari. Lakini "mtoto wa mwalimu aliyefika jana", aliyefika nani? Wote wawili ni ngeli ya A-WA kwa hiyo "aliye" inawaenea wote. Mimi kila nikiandika barua ya maana naisoma kama mtu asiyenijua kabisa, hapo ndipo haya mambo yanajitokeza.

msomaji_kimya
Na kama sijaamua jambo naweza kusema "I am ambiguous"?

bintisarufi
Usiseme hivyo. Ukiwa hujaamua sema "undecided", ukiwa moyo unavutwa huku na huku ni "ambivalent". Ambiguous waachie sentensi, jibu, sheria, ishara, vitu vinavyosomwa au kutafsiriwa. Utata wenyewe ni "ambiguity", na kinyume chake ni "unambiguous", yaani maana moja tu. Kutamka, mkazo uko kwenye "bi", am-BI-gyu-as.

kalamu_risasi
Asanteni sana jamani, nimeelewa. Simu ni zetu sisi ofisini, kwa hiyo nimeandika "Use the new phones to call the customers". Nimeituma muda huu, bosi kajibu "clear, thanks".

Babu_Ngeli
Safi sana. Na umeona imekuwa fupi kuliko ile ya "kindly".